Pweza hajipaki rangi

Shangazi yangu wa Makunduchi maji ya bamvua yakitoka alikuwa anateremka mwambani na chuma chake, mie mtoto namfuata nyuma, napita karibu ya pweza kabisa simuoni, anacheka: "We, pweza hatafutwi kwa rangi, tazama mlango wake." Yaani yale makombe na vijiwe anavyovirundika mbele ya tundu. Siku hizi nashinda maabara nachanganya silikoni, ule mpira laini, natengeneza utando wa kuiga ngozi ya pweza, na bado nauwaza ule mwamba.

Wengi wanadhani pweza anatoa rangi kama mtu anayejipaka. Siyo yakhe. Rangi anazo muda wote, kama ngisi na dome, zimo kwenye vifuko vidogo vya ngozi vinavyovutika kama mpira, vinaitwa kromatofoa, kila kifuko kimezungukwa na vimsuli, vikikaza kinatanuka rangi inaonekana, vikilegea kinanywea kinabaki kama nukta, na mishipa inayoviamrisha inatoka ubongoni moja kwa moja, ndo maana chini ya sekunde kashakuwa jiwe. Chini yake tabaka jengine linarudisha mwanga kama kioo. Halafu macho yake hayatofautishi rangi, hebu fikiria!

Kwa hiyo cha kuiga khasa ni huko kuvuta, siyo rangi. 2014 mtafiti John Rogers na wenzake Marekani walitoa karatasi laini inayosoma mwanga ikajigeuza nyeusi au nyeupe, safi, ila inafanya kazi kwa kupashwa moto, na moto unakula umeme. 2017 watu wa Chuo Kikuu cha Cornell, huko huko Marekani, wakaiga vile vinundu vya ngozi anavyoviinua pweza: silikoni na wavu ndani, ukipuliza hewa bapa inainuka inakuwa umbo la mawe.

Mie iliyonikamata ni ya 2019, ya maabara ya mtafiti Gorodetsky, chuo kikuu cha Irvine kule California: utando wa mpira umefunikwa vipande vidogo vya shaba, ukiuvuta vipande vinaachana joto la mwili linatoka, ukiuachia vinakutana joto linabaki. Kila mtu anaota nguo za kijeshi za kujificha, mie nawaza mabati ya kwetu saa nane mchana mwezi wa pili.

Silikoni yangu bado inachanika pembeni nikiivuta sana. Nilimpelekea shangazi kipande, akakivuta, akakinusa, akaniuliza: "Sasa hii inapondwa mara ngapi mpaka ilainike?"