Bata mzinga wa Novemba: tunayoambiana jikoni, na ukweli wake

Ikikaribia Alhamisi ya nne ya Novemba, Sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, Waswahili wa Minneapolis, Houston na Columbus nao hujikuta na bata mzinga ndani ya friza. Mwingine kagawiwa kazini, mwingine kaona bei imeshuka dukani akashindwa kujizuia. Ndege wa kilo sita au saba, ameganda kama jiwe. Hapo ndipo simu zinapoanza: dada, huyu ndege anapikwaje asikauke?

Majibu yanayotolewa mengi ni ya kuku, na shida inaanzia hapo. Bata mzinga wa dukani amechaguliwa mbegu kizazi baada ya kizazi ili awe na kidari kikubwa, kizito mno hata hawezi kuruka wala kupanda jike, ikabidi wapandishwe kwa mikono ya watu. Kidari hicho hakina mafuta, na kikishapita nyuzi 70 hivi za Selsiasi kinaanza kukamua maji yake. Paja nalo lina nyuzi ngumu, halilainiki vizuri mpaka lifike 75 au hata 80. Kwa hiyo una ndege mmoja na oveni moja, lakini nyama mbili zisizotaka joto moja. Ukishalishika hilo, mengi ya haya yanayosemwa utayapima mwenyewe.

“Mchemshe kwanza, alainike”

Hili tumetoka nalo nyumbani, na kwa kuku wa kienyeji ni sahihi. Jogoo aliyezurura uani miaka miwili hana mzaha, bila kuchemshwa utamtafuna mpaka taya ziume. Bata mzinga wa dukani huko Marekani, kwa kawaida, amechinjwa akiwa na wiki 14 hadi 20. Bado mtoto huyo, hana ugumu wa kuutoa. Ukimchemsha, utamu wote unabaki sufuriani, na kidari kinakuwa kimeshapita joto lake kabla hata oveni haijawashwa. Ila ukiletewa dume la bata mzinga lililozeeka kwenye boma la mtu, huyo mchemshe bila wasiwasi, tena kwa moto mdogo.

“Muoshe kwa ndimu na siki, atoke shombo”

Hapa najua nitagombana na watu, maana kwetu kutoosha nyama ni uchafu. Lakini maji ya bomba hayaondoi vijidudu kama salmonela na kampilobakta kwenye nyama, yanavirusha tu. Mwaka 2019 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitoa matokeo ya utafiti uliofanywa na Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina: kati ya watu waliomwosha kuku mbichi, asilimia 60 sinki zao zilikutwa na vijidudu, na asilimia 26 walikuwa wamevihamishia kwenye saladi waliyoandaa pembeni. Saladi haipiti motoni, na hapo ndipo tumbo linapoharibika. Halafu lawama anabebeshwa bata.

Ndimu na siki havitegemewi kuua vijidudu hivyo. Kinachoviua ni joto. Shombo yenyewe mara nyingi iko kwenye yale majimaji mekundu ya ndani ya mfuko. Yamwage taratibu, umpanguse ndege kwa tishu za jikoni ndani na nje mpaka awe mkavu, utupe tishu na kunawa kwa sabuni. Wakati huohuo ingiza mkono kwenye matundu yote mawili, la nyuma na la shingoni, maana firigisi, moyo na shingo hufichwa humo ndani ya kifuko. Kama roho haitulii kabisa bila kumwosha, basi ondoa kwanza vyombo na mboga zote karibu na sinki, fungua maji kidogo, na ukimaliza sugua sinki kwa maji ya moto na sabuni, kisha dawa ya kuua vijidudu.

“Mloweke usiku kucha, viungo viingie mpaka mfupani”

Haviingii. Thomu, tangawizi, pilipili, binzari, vyote vinaishia milimita chache chini ya uso wa nyama, hata ukimlaza navyo siku mbili. Anayeapa kwamba wake aliingia viungo hadi mfupani ameonja chumvi, na harufu ya ngozi ikamkamilishia mengine.

Chumvi ndiyo inayosafiri. Ikipewa siku moja au mbili inazilegeza protini za nyama, zikawa zinashika maji vizuri na hazijikazi sana zikipata moto. Katika mambo yote yanayosemwa kuhusu bata mzinga asiyekauka, mimi ningeshika mawili tu: chumvi mapema, na kipimajoto. Mengine ni mapambo.

Kipimo ni kijiko kimoja cha mezani cha chumvi laini kwa kila kilo mbili na nusu za ndege. Anzia upande wa shingo: penyeza vidole kati ya ngozi na kidari, taratibu, kucha ziwe fupi. Kuna utando mwembamba utakaouhisi ukiachia kidogo kidogo, na mkono utafika hadi karibu na mapaja bila ngozi kuchanika. Paka sehemu ya chumvi humo, juu ya nyama yenyewe, na iliyobaki ipake nje na ndani ya tumbo. Mweke juu ya wavu ndani ya trei, umwingize kwenye friji bila kumfunika. Siku ya pili ngozi itakuwa imekauka na kunyooka, ukiigusa haikushiki vidole. Ngozi ya namna hiyo ndiyo itakayolia kwa ukavu ukiitafuna mezani.

Viungo vyako usivitupe. Visage, vichanganye na samli au siagi laini, na siku ya kuoka uvipenyeze palepale chini ya ngozi. Mafuta yanavibeba, na yatakayochuruzika kwenye trei ndiyo msingi wa mchuzi. Ndimu ngoja nayo hadi mezani, maana ikikaa usiku kucha juu ya kidari inaulegeza uso wa nyama ukawa wa ungaunga.

Kabla ya yote haya soma lebo. Bata wengi wa kugandishwa wameshadungwa maji ya chumvi kiwandani, na karatasi inasema wazi ni asilimia ngapi ya uzito. Wale wa kosher, yaani waliochinjwa kwa sheria za Kiyahudi, nao wameshatiwa chumvi. Hao usiwaongezee, au watie kidogo sana. Na kuna wanaomtumbukiza bata kwenye ndoo ya maji ya chumvi. Njia hiyo inafanya kazi, sibishi, lakini sehemu ya unyevu anaobaki nao ni maji tu yasiyo na ladha, na ndoo ya ukubwa huo inataka friji ya mgahawa.

“Mmwagilie mchuzi kila nusu saa”

Mchuzi unateleza juu ya ngozi na kurudi ulikotoka. Nyama haipati kitu, ngozi inalowa, na kila mlango wa oveni ukifunguliwa joto linashuka na muda unarefuka. Anayemwagilia anapata cha kufanya jikoni, basi. Maji kidogo chini ya trei ni sawa, yanazuia mafuta yasiungue, ila usidhani yanapanda kumlowesha ndege.

“Kidude chekundu kikichomoka, ameiva”

Hicho kiplastiki kilichochomekwa kidarini kinapima sehemu moja tu, na mara nyingi kinachomoka wakati kidari kimeshakauka. Rangi nayo si shahidi: ndege mchanga anaweza kuwa na wekundu karibu na mfupa na ameiva kabisa, na majimaji yanaweza kutoka meupe kabla vijidudu havijafa. Nunua kipimajoto cha kuchomeka, si ghali. Kiwango rasmi cha Wizara ya Kilimo ya Marekani ni nyuzi 74 za Selsiasi, ambazo kwenye vifaa vya kule zinasomeka 165 za Farenhaiti. Pima kwenye kidari palipo panene zaidi, upande wa ndani wa paja na upande wa ndani wa bawa, ncha isiguse mfupa. Ukikutana na kitabu cha zamani kinachotaka nyuzi 82, ujue ushauri huo uliachwa mwaka 2006. Vizazi vya bata wakavu vimetoka kwenye namba hiyo.

Nyama huendelea kupanda joto nje ya oveni. Ndege mzima ukimtoa kidari kikiwa 71 hivi, akipumzika nusu saa kwa kawaida kitafika 74. Pima tena kabla ya kukata, na kama hakijafika mrudishe.

“Lazima aokwe mzima”

Kwa picha, labda. Akiwa mzima, kidari kiko juu kinapigwa na joto na mapaja yamejificha chini, yaani kinyume kabisa cha tunachotaka. Chukua mkasi imara wa jikoni, kata pande zote mbili za uti wa mgongo uutoe, mgeuze, kisha gandamiza katikati ya kidari kwa viganja viwili mpaka usikie mfupa umelia. Analala bapa, mapaja nje. Muuza kuku wa kuchoma yeyote wa Dar au Mombasa anampasua kuku wake hivyohivyo kabla ya kumlaza juu ya makaa, na sababu ni ileile. Kwenye oveni ya nyuzi 220 hadi 230, ndege wa kilo tano au sita huiva kwa kama saa moja na nusu. Angekuwa mzima kwenye nyuzi 163 zinazoandikwa kwenye lebo nyingi, ungemsubiri saa tatu. Uti wa mgongo, shingo na firigisi vitie sufuriani na kitunguu, mchuzi uanze kuiva huku yeye akioka.

Mengine niyapitie haraka.

Kumwacha juu ya meza usiku kucha ayeyuke ni hatari: nje anakuwa na joto la chumbani saa nyingi huku ndani bado barafu. Kwenye friji hesabu siku moja kwa kila kilo mbili, kwa hiyo wa kilo saba aingie friji Jumamosi, apakwe chumvi Jumanne usiku. Ukichelewa, mzamishe kwenye maji baridi akiwa ndani ya mfuko usiovuja, nusu saa kwa kila nusu kilo, ukibadilisha maji kila nusu saa, na apikwe mara moja. Kumtia bata mwenye barafu kwenye mafuta ya moto ndiko kunakounguza nyumba za watu. Maji yakikutana na mafuta hayo yanalipuka kuwa mvuke.

Mjazo wa mkate ndani ya tumbo lazima nao ufike nyuzi 74, na mpaka ufike kidari kimeshakwisha. Uoke kwenye bakuli lake.

Wanaosema bata hawa wamekuzwa kwa homoni wamekosea: sheria ya Marekani hairuhusu homoni kwa ndege wa kufugwa. Ukubwa huo ni wa mbegu na chakula.

Na usingizi wa baada ya kula? Watu wanaisingizia triptofani, moja ya vijenzi vya protini vilivyo kwenye nyama yake, ilhali kiasi chake kinakaribiana na cha kuku, na hakuna anayesinzia kwa sababu ya kuku. Iulize ile sahani ya pilau iliyofuatiwa na viazi vya kuponda na vipande viwili vya pai ya maboga.