Je, padre akiungamiwa jambo zito huliripoti?

Wengi huamini kwamba padre hutunza siri kwa dhambi ndogondogo tu. Akiungamiwa wizi mkubwa au mauaji, hulazimika kumwarifu askofu au polisi. Wazo hilo linaeleweka, maana daktari na wakili wana mazingira yanayowaruhusu kufichua siri.

Sheria ya Kanisa Katoliki haina mwanya huo. Kanuni ya 983 inakataza muungamishi kumfichua aliyeungama kwa maneno au kwa namna nyingine yoyote, na kwa sababu yoyote ile. Kanuni ya 984 inaongeza kwamba asitumie alichosikia kumdhuru mtu huyo, hata kama siri haitajulikana. Kwa hiyo paroko hawezi kumwondoa mweka hazina wa parokia kwa sababu ya alichoungama. Anaweza kumhimiza ajisalimishe, basi. Akifichua moja kwa moja, hutengwa na Kanisa papo hapo. Kuna majimbo ya Australia yanayodai ukatili dhidi ya watoto uripotiwe hata ukisikika kitubioni, lakini sheria ya Kanisa haijabadilika.

Linalosahaulika ni kwamba siri humfunga pia mkalimani, na hata wewe uliye foleni ukisikia sentensi mbili. Simama mbali kidogo, tafadhali. Mazungumzo ya ofisini na padre, nje ya sakramenti, hayamo katika kinga hii.

Ukitaka kuhakikisha, fungua Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1467, au mwombe padre akuonyeshe kanuni hizo mbili.