Je, wajua kwa nini gari moja humkubali dereva mmoja na kumkataa mwenzake?

Msimu wa langalanga (mbio za magari za Formula 1) wa mwaka 2024 ulipomalizika, Max Verstappen alikuwa bingwa wa dunia kwa pointi 437, huku Sergio Pérez, aliyeendesha gari la timu hiyo hiyo ya Red Bull, akishika nafasi ya nane kwa pointi 152. Kwa miaka mingi niliamini kuwa tofauti ya namna hii ina maelezo mamoja tu, kwamba mmoja ana kipaji na mwingine hana. Hoja hiyo ilionekana haina mwanya: madereva wawili wa timu moja hupewa gari la aina moja, na ukishaliondoa gari, kinachobaki kwenye mzani ni mtu.

Kosa limo katika kudhani kwamba gari ni mzani usioegemea upande. Pierre Gasly aliondolewa Red Bull baada ya mbio 12 za mwaka 2019 na kurudishwa katika timu ndogo inayomilikiwa na Red Bull hiyo hiyo. Kabla ya msimu huo kwisha alimaliza wa pili nchini Brazil, na mwaka 2020 akashinda Monza, Italia. Liam Lawson alidumu Red Bull mbio 2 tu mwaka 2025, kisha, akiwa katika timu hiyo hiyo ndogo, akamaliza wa sita nchini Austria. Asiye na kipaji hakipati kwa kubadilishiwa kiti.

Fikiria mshale. Manyoya ya nyuma ndiyo yanayoufanya uende moja kwa moja, kwa kuwa hewa inayoyapiga huurudisha mkia nyuma ya ncha kila unapotaka kwenda upande. Gari la mashindano nalo hukandamizwa chini na hewa, na wahandisi huchagua mkandamizo huo uelemee wapi. Ukielemea nyuma, gari hutulia kama mshale wenye manyoya mengi, lakini pua huwa nzito kuingia kona. Ukisogezwa mbele, pua huutii usukani papo hapo, ila mkia hupoteza ulinzi wake. Sasa ongeza breki. Abiria waliosimama ndani ya daladala hurushwa mbele dereva anapofunga breki ghafla. Uzito wa gari nao huhamia matairi ya mbele vivyo hivyo, na ya nyuma hubaki mepesi wakati ule ule kona inapoanza.

Verstappen hustawi hapo hapo. Huingia kona akiwa bado amekanyaga breki, na mkia unapoanza kuteleza huwa ameshausahihisha. Dereva anayehitaji kuhisi kwanza kwamba matairi ya nyuma yameshika hulazimika kusita, na kusita kidogo katika kila kona ya kila mzunguko kunatosha kumwacha mbali. Alexander Albon, aliyerithi kiti cha Gasly, alilifananisha gari la namna hiyo na kipanya cha kompyuta kilichoongezewa wepesi hadi mwisho, ambacho ukikigusa tu, kishale hurukaruka kwenye skrini.

Wahandisi hawakulishona gari kwa vipimo vya mtu mmoja. Walifuata saa, na saa ilisema pua kali ina kasi zaidi mikononi mwa anayeimudu. Pérez alishinda Monaco mwezi Mei 2022, pua ilipokuwa bado nzito, na kadiri ilivyonolewa ndivyo alivyozidi kuachwa. Hapa inafaa kuwa mwangalifu, kwa sababu kulinganishwa na bingwa kila wiki nako ni mzigo, na jedwali la matokeo halitenganishi mambo hayo mawili. Kinachonishawishi zaidi ni yaliyomkuta Verstappen mwenyewe: baada ya kushinda Hispania mwezi Juni 2024, alikaa mbio 10 mfululizo bila ushindi, akilalamika kwamba pua na mkia wa gari lake havisikilizani tena.