Je, wajua kwa nini minibasi inapiga "ko!" nyuma kila ukiachia mafuta?

Wa siti ya nyuma ndio wanasikia kwanza. Shoferi anatoka Ndosho, anatia ya kwanza, anaachilia ambreyaji (klachi), chini inalia ko!, akiachia mafuta ko! tena, na hapo hapo mtu anasema kardani, ile chuma ndefu inayopeleka nguvu ya injini nyuma, imekufa. Pengine kardani iko nzima kabisa, uliza kwanza silenbloki, mipira inayoshika diferansieli, lile sanduku la gia la nyuma linalogawia matairi nguvu.

Si kila minibasi iko nazo lakini. Hiace tunazopanda kila siku hapa Goma ziko na ponti (ekseli) moja nzima nyuma, diferansieli inakaa ndani yake, habari imeisha. Kwa Mercedes Vito ile ya 2003 hadi 2014 kila tairi ya nyuma inapanda na kushuka peke yake, kwa hiyo diferansieli imening'inizwa chini ya gari kwa buloni zinazopita katikati ya mipira, na hiyo mipira ndio silenbloki.

Sasa piga hesabu. Tuseme injini inatoa nguvu ya kuzungusha ya nyuton-mita 200, viteze (gia) ya kwanza inazidisha kama mara 4, diferansieli tena mara 4, matairi yanapata 3,200! Matairi yakisukumwa kwenda mbele, diferansieli yenyewe inataka kuzunguka kinyume, pua yake, upande wa mbele kardani inapoingilia, inapanda, sawa na mashine ya kutoboa ukuta ikikwama inavyokugeukia mkononi. Ukiachia mafuta pua inashuka. Mpira mzima unameza yote hayo kimya, uliopasuka unaacha chuma igonge chuma.

Mawe ya lava yanauchosha, ndiyo, ila adui mbaya ni mafuta ya diferansieli: spi yake, mpira unaoziba mafuta yasitoke, ikivuja, mpira unavimba, unalainika, unaachana na chuma yake. Kuweka silenbloki mpya chini ya spi inayovuja ni kutupa feza.

Kupima ni rahisi, ingiza chuma ndefu kati ya diferansieli na shasi, sukuma kidogo, ikicheza ovyo umepata jibu. Kutoa ndio kazi: diferansieli inabebwa na kriki, silenbloki inasukumwa na presi, ikigoma unakata ganda lake na msumeno polepole usiguse nyumba yake. Wengine wanachoma na shalimo, ile mashine ya moto wa gesi, mimi sipendi, moshi ule ni sumu na mafuta ya diferansieli yako karibu. Mpya inaingia na maji ya sabuni, si grisi. Na kabla ya kutoa ya zamani chora alama, juu mipira mingine iko na matundu yaliyopangwa upande ule pua inapanda na kushuka, ukiifunga kiupande ulaini unaangalia kwingine na ko! inaweza kurudi mapema.