Ukahaba kisheria: vitu ambavyo watu wanavichanganya kila siku

Mjadala huu ukianza tu watu wanagawana haraka, wa kuhalalisha huku, wa kupiga marufuku kule, dakika tano hazijaisha matusi yameshaanza. Mimi kinachoniuma ni kwamba wanaobishana wengi hawajajua hata wanabishania nini, na anayeumia kwa huo mchanganyiko ni yule dada anayesimama barabarani usiku.

Dhana ya kwanza, eti njia ni mbili tu, halali au haramu. Si kweli, zipo kama nne hivi. Kuna nchi kila kitu ni kosa. Kuna njia ya Uswidi ya 1999, anayeuza haguswi ila anayenunua ndo mkosaji, alafu Norway wakafuata 2009 na Ufaransa 2016. Kuna kuhalalisha kwa leseni na usajili kama Ujerumani au Senegal. Na kuna kuifuta kwenye makosa ya jinai kabisa ikabaki chini ya sheria za kazi kama kazi nyingine, ndo New Zealand 2003, na sheria ile ilipita bungeni kwa kura 60 dhidi ya 59. Hii ya tatu na ya nne watu wanazifanya moja wakati zinatofautiana sana, na hapo ndo kelele nyingi zinapoanzia.

"Ikiruhusiwa tu itazagaa kila kona." Hofu hii naielewa, mzazi yeyote anaweza kuwa nayo. Lakini New Zealand sheria yenyewe iliagiza iundwe kamati ya kufuatilia, na ripoti yake ya 2008 haikuona kwamba idadi ya wanaojiuza imeongezeka kwa sababu ya sheria. Watu wanaingia kwenye hii kazi kwa sababu ya shida ya hela, kodi ya nyumba, watoto, sio kwa sababu wamesoma gazeti la serikali.

"Basi tuweke usajili na vipimo vya lazima, kila mtu atakuwa salama." Hii ndo inayosikika nzuri kuliko zote na ndo inayonisumbua zaidi. Uingereza walijaribu zamani, sheria ya 1864 iliwapa polisi nguvu ya kumkamata mwanamke kwenye miji ya bandari na ya kijeshi na kumpeleka kupimwa kwa nguvu, akikutwa na ugonjwa wa zinaa anafungiwa hospitali, ila yule askari au baharia aliyemnunua hapimwi, anarudi zake kambini. Mwanaharakati Josephine Butler na wenzake walipigana na hiyo sheria miaka na miaka mpaka ikafutwa 1886. Turudi karibuni, Ujerumani 2017 walileta sheria ya kila anayeuza ajiandikishe, na mwisho wa 2023 waliojiandikisha walikuwa kama 30,600 tu, wakati makadirio yanayotajwa kila siku ni laki kadhaa, na hata ukiyakata nusu bado pengo ni kubwa. Wengine wako wapi? Wamejificha, maana mwenye watoto au asiye na vibali vya kuishi hataki jina lake likae kwenye faili la serikali kama kahaba. Kwa hiyo kadi ya usajili inatengeneza makundi mawili, wenye kadi, na wasio nayo ambao wanabaki haramu vilevile na wanaogopa zaidi.

"Kuwakamata kunawasaidia waache." Jamani. Chukulia polisi amemsimamisha dada, amemwaga pochi yake, kuna simu, funguo, kanga, na kondomu tatu, na zile kondomu tatu ndo zinakuwa ushahidi. Hii imefanyika kwenye miji mikubwa ya Marekani miaka mingi, California wamekuja kuizuia kwa sheria 2019. Sasa kesho yake unadhani atabeba ngapi? Ataziacha nyumbani. Wataalamu walioandika kwenye jarida la Lancet 2014 walikadiria kwamba kuacha kuifanya hii kazi kosa la jinai kungezuia kati ya asilimia 33 na 46 ya maambukizi mapya ya VVU kwa wanaojiuza na wateja wao ndani ya miaka kumi. Na ukishakuwa na rekodi ya polisi kazi nyingine unaipataje?

Alafu kuna "ukahaba na usafirishaji haramu wa binadamu ni kitu kimoja." Hapana, itifaki ya Umoja wa Mataifa ya 2000 inaangalia kulazimishwa, kudanganywa, kunyonywa, na mtoto ni mtoto, hapo hakuna cha kukubali. Ila niseme ukweli wote, kuna utafiti wa 2013 uliolinganisha nchi hadi 150 na ukaona zilizohalalisha zinaripotiwa kupokea waathirika wengi zaidi. Waandishi wenyewe walikiri takwimu za biashara ya siri ni dhaifu, lakini siwezi kuuficha eti kwa sababu haunifurahishi.

Njia ya Uswidi nayo watu wanasema haimgusi mwanamke kabisa. Inamgusa. Mteja anayeogopa kukamatwa ana haraka, anataka mtu apande gari sasa hivi, na zile dakika mbili za kumwangalia usoni, kusikia kama amelewa, kusoma namba ya gari, zinapotea.

Kwa maoni yangu New Zealand ndo wamekaribia zaidi. 2014 dada mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwenye danguro Wellington alimshtaki bosi wake kwa kumnyanyasa kingono, akashinda, akalipwa fidia dola 25,000 za kule. Kahaba kamshinda mwenye danguro, kwa sheria zilezile zinazomlinda karani wa ofisi! Ila hata wao wameacha shimo, mwenye viza ya muda haruhusiwi kabisa kufanya hii kazi, kwa hiyo huyo akipigwa na mteja leo usiku inabidi achague, aende polisi na ahatarishe kufukuzwa nchini, au anyamaze.