Nyati Ana Kilo Ngapi? Kanuni Zetu za Ukubwa wa Viumbe

Ninaongoza meza ya Dungeons & Dragons (mchezo wa kuigiza mashujaa kwa kurusha dadu) hapa Kirumba, Mwanza, kila Jumamosi jioni, na hakuna kanuni iliyotugombanisha kama ya ukubwa wa viumbe. Ugomvi ulianzia kwa nyati. Shujaa wa mwenzetu mmoja, mtu wa kawaida mwenye ngao na sime, alimrukia nyati, akashika pembe, dadu zikamkubali, nyati akawa amekamatika. Kitabu tunachokitumia, toleo la tano la mwaka 2014, kinaruhusu: unaweza kumkamata kiumbe yeyote asiyekuzidi zaidi ya hatua moja ya ukubwa, na nyati anamzidi mtu hatua moja tu. Mezani alikuwepo rafiki yetu ambaye kazi yake ni kupima samaki pale sokoni Mwaloni. Akaniuliza, "Kaka, huyo nyati ana kilo ngapi?"

Sikuwa na jibu. Kitabu chenyewe hakikuwa nalo.

Kwa ambao hawajawahi kucheza: viumbe wote wamegawanywa katika hatua sita. Kwenye meza yetu tunaziita Kijidogo, Kidogo, Wastani, Kubwa, Kubwa Sana na Jidude. Kiswahili hakikututaabisha hapa, kwa sababu sisi tayari tunasema kijitu, mtu na jitu, na kila mtoto anaelewa bila kufundishwa. Hatua hizo zinakuambia kiumbe anachukua nafasi gani kwenye ramani. Mtu wa Wastani anatawala mraba mmoja wa futi tano, yaani kama mita moja na nusu. Kubwa ana futi kumi kila upande, Kubwa Sana kumi na tano, Jidude ishirini au zaidi. Sisi tunachora miraba kwenye karatasi ya manila, kizibo cha soda ni mtu, mfuniko wa kopo ni nyati, sidii kuukuu ni tembo, na sahani ya kikombe ni Jidude. Mpaka hapo hakuna tatizo. Tatizo ni kwamba kitabu kikishakupa nafasi, kuhusu uzito kinanyamaza.

Rafiki yetu alitufundisha kwa sangara. Chukua sangara wawili wa ziwani hapa, mmoja wa sentimita 50 na mwingine wa 85. Ukiwalaza wawili hao pamoja, mkubwa hajafika hata mara mbili ya mdogo kwa urefu. Waweke kwenye mizani sasa: mkubwa ana karibu mara tano. Samaki hakui kwa urefu peke yake, anakua upana na unene vilevile, na vitatu hivyo vinazidishana. Ukiongeza urefu mara mbili, uzito unapanda mara nane. Kwa hiyo mtu wa kilo 60 akikuzwa mara mbili kila upande anakuwa na kilo 480, na huko ndiko anakoanzia nyati dume. Shujaa wetu alikuwa ameshika pembe za mnyama anayemzidi mara nane, na mimi nilikuwa nimemwambia, sawa, amekamatika.

Nguvu haifuati uzito, na hapa ndipo kanuni zetu zilipozaliwa. Msuli una nguvu kwa kadiri ya eneo la mkato wake ukiukata kama gogo. Urefu ukiwa mara mbili, eneo hilo linakuwa mara nne, wakati mzigo wa mwili ni mara nane. Galileo aliliandika jambo hili mwaka 1638 alipoeleza kwa nini mifupa ya mnyama mkubwa lazima iwe minene kuliko unavyotarajia. Kitabu cha mchezo kinasema uwezo wa kubeba unaongezeka mara mbili kwa kila hatua. Sisi tumeweka mara nne, na mara nne hiyo ndiyo imebeba karibu kila kitu kilichofuata.

Kanuni ninayoipenda kuliko zote tunaiita kanuni ya mtumbwi. Aliyewahi kuona mtumbwi wa mbao ukipandishwa mchangani anajua kwamba mtu mmoja hausogezi hata kidogo, ila wakijipanga na kuvuta kwa pamoja, unapanda. Basi peke yako huwezi kumkamata wala kumsukuma kiumbe aliyekuzidi hatua yoyote. Wanne mkishikana, mnahesabika hatua moja juu. Kumi na sita, hatua mbili. Mmoja anarusha dadu kwa niaba ya wote, na akianguka mmoja katikati, hesabu inavunjika hapohapo. Tangu tuiweke, wachezaji wangu wameacha kuwa mashujaa watano wenye njia zao tano. Wanatafuta kamba. Wanaenda kijijini kuomba watu.

Kuanguka kulikuwa rahisi. Kitabu kinatoa dadu moja ya pande sita kwa kila futi kumi, awe panya au tembo, jambo ambalo kwa kweli siwezi kulikubali. Panya akidondoka kutoka dari anakimbia; ng'ombe akidondoka kimo hichohicho havuki usiku. Bahati nzuri kila hatua ya ukubwa tayari ina dadu yake ya uhai: ya pande nne kwa Kijidogo, kisha sita, nane, kumi, kumi na mbili, mpaka ishirini kwa Jidude. Sisi tunatumia dadu hizohizo kuhesabu maumivu ya kuanguka, isipokuwa Kijidogo haumii kabisa.

Wengine wameniuliza kama turudishe nyongeza na makato ya toleo la tatu la mwaka 2000, ambapo mdogo alipata moja zaidi ya kushambulia na ya kujilinda, na mkubwa akakatwa. Hapana. Nimejaribu, na meza iligeuka darasa la hesabu. Badala yake tuna kanuni ya chini ya tumbo. Kitabu kinakuruhusu kupita katikati ya nafasi ya adui aliyekuzidi hatua mbili, lakini si kusimama humo. Kwetu unaweza kusimama. Ukiwa huko, yeye akitaka kukuuma anarusha dadu mbili na kuchukua iliyo ndogo. Akiamua kujilaza, jiombee.

Zote hizi nilizitengeneza kwa ajili ya Shing'weng'we. Wasukuma mnamjua: dude lililomeza watu wote, akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha, akamzaa Masala Kulangwa. Mtoto anakua, anaua panzi, anauliza, mama, huyu ndiye Shing'weng'we? Siye. Anaua ndege. Siye. Anarudi na mnyama mkubwa zaidi, na mkubwa zaidi. Ile ni ngazi ya ukubwa, imepangwa hatua kwa hatua, na bibi zetu walikuwa wakiisimulia kabla dadu ya pande ishirini haijafika Mwanza.

Jumamosi iliyopita tulimfikia. Walikuja na watu kumi na sita wa kijiji na kamba za katani, wakamshika mguu mmoja, na binti anayecheza mwindaji akaingia chini ya tumbo na kisu. Katika hadithi, Masala Kulangwa alipolipasua lile dude alimkata bibi mmoja sikio, na bibi alikasirika sana. Kwa hiyo kwetu, anayepasua tumbo kutoka nje akipata moja kwenye dadu, kisu kinampata aliyemo ndani. Binti alirusha. Ikatoka moja. Tumesimama hapo, na wiki nzima wananipigia simu kuuliza bibi huyo ni nani.