Usimtambue Koi kwa Rangi

Kila kipupwe kinapokwisha na maji ya mabwawa kuanza kupata joto, simu huanza kuniingilia kutoka Iyumbu, Kisasa, Ilazo na kwingineko hapa Dodoma ambako watu wamejenga na kuweka kibwawa cha samaki wa mapambo mbele ya nyumba. Lalamiko ni moja: "Mtaalamu, goldifishi wangu wamezaa, lakini vifaranga ni weusi weusi, rangi ya tope. Nadhani perege wameingia." Wengine hunipigia wakiwa wameshawamwaga mtaroni, na hapo ndipo ninapoumia, kwa sababu waliomwagwa walikuwa wazima na walikuwa goldifishi halisi. Rangi hiyohiyo ndiyo huwachanganya watu kati ya goldifishi na koi, samaki mwingine wa mapambo anayefanana naye.

Goldifishi wa kawaida haanguliwi na rangi ya dhahabu. Asili yake ni samaki wa China mwenye rangi ya kahawia inayoelekea kijani, na kila kifaranga huanza na rangi hiyo ya mababu. Kadiri anavyokua, chembe nyeusi za ngozi hufa taratibu, ndipo manjano na wekundu uliokuwa umefunikwa unapojitokeza, aghalabu ukianzia tumboni na kupanda mgongoni. Wengi huwa weusi zaidi kwanza kabla ya kubadilika, na hapo ndipo wenye mabwawa hukata tamaa. Maji yakiwa na joto, mabadiliko huweza kuonekana ndani ya miezi miwili mitatu. Wapo wanaofikisha mwaka, na wachache hubaki na rangi ya tope maisha yao yote. Vumilia.

Koi nao wana yao. Wana aina nyingi: vifaranga wa aina ya showa huanguliwa weusi, wa ogoni ni manjano hafifu, na chagoi ni wa kahawia utotoni hadi uzeeni. Kwa hiyo ukitazama beseni lenye watoto wa aina zote mbili, rangi haikuambii lolote la uhakika. Hata wakikua, ile kauli ya kwamba mwenye mabaka mekundu na meupe ni koi na mwekundu mtupu ni goldifishi haina ukweli. Kuna goldifishi wanaoitwa sarasa, wana mabaka mekundu na meupe ya kupendeza kabisa, na kuna koi wa rangi moja tupu. Nimeona watu wakilipa bei ya koi na kuondoka na sarasa. Nimeona pia wanaonunua "goldifishi wekundu" kwa ajili ya tangi la kioo la sebuleni, kumbe ni koi, samaki anayeweza kupita sentimita 60.

Tazama mdomo. Koi ana sharubu nne: jozi moja kwenye kona za mdomo, na jozi nyingine fupi zaidi juu yake. Goldifishi hana hata moja. Usitarajie sharubu ndefu kama za kambare wa bwawa la Hombolo. Za koi ni fupi, na kwa kifaranga asiyefika sentimita 3 ni shida kuziona kwa macho. Kwa sababu hiyo sikubali uamuzi wa mtu aliyechungulia bwawani kutoka juu. Mtoe samaki kwa taratibu, mtie kwenye jagi la kioo safi lenye maji ya bwawa lilelile (si ya bomba yenye klorini), mweke penye mwanga, umpige picha ya ubavuni kwa simu kisha uikuze. Picha hiyohiyo itakuonyesha na magamba. Kwenye mstari wa ubavuni, ule unaotoka karibu na kichwa hadi mkiani, koi huwa na magamba 35 au zaidi, goldifishi huwa na kama 25 hadi 31. Koi wa aina ya doitsu msiwahesabu, kwa kuwa hawana magamba au wana safu chache tu. Na kama hofu yako ni perege, angalia pezi la mgongoni: la perege lina miiba mingi mikali iliyopangana kuanzia mbele, la goldifishi lina mwiba mgumu mbele na baada ya hapo ni laini.

Zipo pia kauli ninazozisikia kila mara. "Koi ni goldifishi aliyelishwa vizuri kwenye bwawa kubwa." Hapana. Hizi ni spishi mbili. Koi wametokana na karpu, samaki wa maji baridi, waliofugwa Niigata, Japani, katika karne ya 19, na hakuna chakula kinachoweza kumwotesha goldifishi sharubu.

"Mapezi marefu ni ya goldifishi." Wapo koi wenye mapezi marefu yanayoburuzika kama kanga. Rudi mdomoni. Ila ukiona mkia uliogawanyika kuwa mikia miwili kamili, huyo ni goldifishi.

"Samaki hukua kulingana na chombo chake." Kauli hii huua samaki wengi. Kinachomdumaza ni amonia inayotokana na uchafu wake mwenyewe, na maji yakipata joto sumu hiyo huwa kali zaidi. Anadumaa kisha anakufa mapema. Badilisha sehemu ya maji kila wiki. Najua maji ni ya mgao, lakini hayo unayoyatoa ni mbolea, mwagilia mchicha.

"Koi na goldifishi hawazaliani." Wanazaliana wakiwekwa bwawa moja. Watoto wao wanaweza kuwa na jozi moja tu ya sharubu, au vijisharubu vya kutafuta kwa tochi, au wasiwe nazo kabisa, na kwa kawaida hawazai. Kabla ya kumgombeza muuzaji, jiulize kama samaki huyo hakuzaliwa kwako. Watenge wazazi mapema kama hutaki machotara.

Ukiwa na vifaranga usiowahitaji, tafadhali usiwapeleke bwawa la Hombolo wala Mtera. Koi hufukua matope na kuchafua maji, na huko watu wanavua perege na kambare kwa riziki. Watenge kwenye beseni kubwa lenye pampu ya hewa hadi wafike sentimita 5, kisha nitumie picha mbili: moja ya ubavu, moja ya mdomo kwa karibu. Picha ya kutoka juu sitaijibu.